Kigoma: Bandari ya Ziwa Letu na Taa Zake

(Mazungumzo ya mwalimu wa shule ya kambi mbele ya wazazi na wageni, Muyinga, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kwanza kabisa naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi ya kusema katika sikukuu hii ya tarehe 20 Juni. Mazungumzo haya niliyatoa mara ya kwanza huko Gitega, mbele ya walimu wenzangu katika semina. Mwenyekiti akapata habari zake, akasema nije niyarudie kwa wazazi hapa Muyinga, tena niyaandike ili yachapwe katika jarida letu. Nimekubali, ila nimeyaongeza, kwa maana wazee wa hapa wamenipa mambo ambayo chuo cha ualimu hakikunipa.

Sababu ya kuchagua habari ya bandari ni hii. Katika kitabu kimoja cha kusoma kuna picha ya mnara wa taa, ule wa kuongozea meli. Mtoto mmoja akauliza kama ni mnara wa simu. Wenzake wakacheka, lakini nilipowauliza wao, hakuna aliyejua zaidi. Nikauliza tena: nani amewahi kuliona ziwa? Katika darasa zima mikono haikufika mitano. Hawa ni watoto wa Uvira, wa Baraka, wa Fizi, wa Makobola. Ni watoto wa watu waliokula ndagala tangu kuachishwa ziwa la mama. Lakini wamezaliwa hapa milimani, kwenye migomba na mibuni, na maji wanayoyajua ni ya bombani. Ndiyo maana leo sitazungumza na wazazi juu ya nidhamu wala juu ya madaftari, nitazungumza juu ya ziwa.

Mnara wa taa ni jengo refu linalosimamishwa juu ya mwamba, kisiwa au rasi, na juu yake huwekwa taa. Taa hiyo si ya kuwaangazia watu wa nchi kavu. Ni ya nahodha aliye gizani, ajue yuko wapi na hatari iko wapi. Pwani ya Bahari ya Hindi minara hiyo ipo tangu zamani: wa Ras Nungwi kule Unguja ni wa mwaka 1886, na wa kisiwa cha Chumbe ni wa mwaka 1904. Nahodha huhesabu jinsi taa inavyowaka na kuzimika, na kwa hesabu hiyo hujua kwamba huu ni mnara wa mahali fulani na si wa pengine. Mfaransa mmoja, Augustin Fresnel, ndiye aliyebuni katika miaka ya 1820 kioo kilichokatwa pete kwa pete, kinachokusanya mwanga wa taa moja na kuutupa mbali sana. Taa yenyewe inaweza kuwa ndogo, kazi inafanywa na kioo.

Ziwa letu Tanganyika halikupata mnara wenye sifa kama ule wa Chumbe. Halikukosa bandari, wala halikukosa taa. Taa nitazirudia baadaye. Nianze na bandari, na katika bandari zote za ziwa nimeichagua Kigoma, kwa sababu Kigoma imewashika wote: Mkongo, Mrundi, Mtanzania, Mjerumani, Mbelgiji na Mwingereza.

Kwa watoto walioko hapa niseme kwamba ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa la Baikal peke yake, huko Urusi, linalolipita kwa kina. Nchi nne zinalinywa: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia.

Kabla ya Kigoma palikuwa na Ujiji, kilomita chache kusini yake. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia pale. Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, na mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone pale pale. Vitabu vya shule hupenda kusimulia Wazungu hao wawili walivyosalimiana, na wale waliobeba mizigo husahauliwa. Ujiji ilikuwa soko la pembe za ndovu na la watu. Watumwa walitolewa upande wetu, Manyema na kwingineko, wakavushwa ziwa, wakatembezwa mpaka baharini. Muhammad bin Khalfan, ambaye wazee wanamjua kwa jina la Rumaliza, alikaa Ujiji na watu wake wakafika mpaka kaskazini ya ziwa. Mwami Mwezi Gisabo wa Burundi aliwazuia wasipenye milimani. Milima hii tunayoishi, ndugu zangu, ilikuwa ngome.

Njia hiyo hiyo ya uchungu ndiyo iliyotuletea Kiswahili. Lugha ninayosema nanyi sasa ilishuka kutoka mitumbwini, Ujiji, Rumonge, Uvira, kisha ikapanda. Ndiyo maana mtu wa Buyenzi mjini Bujumbura na mtu wa Kalemie wanaelewana bila mkalimani.

Ujiji ilikuwa na kasoro. Ufuo wake ni wazi kwa upepo na maji yake si ya kina. Tena ziwa lilikuwa linashuka. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, pale Kalemie. Mlango huo ulikuwa umeziba kwa udongo na majani. Karibu na mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi yakaanza kutoka kwa nguvu, na kwa miaka iliyofuata ziwa likapungua kwa mita nyingi. Nyumba za Ujiji zikabaki mbali na maji. Kwa hiyo Wajerumani, walipotafuta mahali pa kumalizia reli yao, waliiacha Ujiji wakaenda Kigoma, kwenye ghuba yenye kina, iliyokingwa na rasi ya Bangwe.

Reli ilianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914. Ni safari ya kilomita 1,250 hivi. Stesheni waliyoijenga, nyeupe, yenye matao, imedumu kupita utawala wao. Miezi sita baada ya reli kufika vita vikuu vya kwanza vikaanza, na watu waliopanga kusafirisha pamba wakajikuta wanasafirisha askari.

Sasa tufike kwenye meli. Mnamo mwaka 1913 kiwanda cha Meyer kilichoko Papenburg, Ujerumani, kilijenga meli ya chuma yenye urefu wa mita 71 hivi. Baada ya kuijenga wakaifungua tena yote, msumari kwa msumari, wakaipakia katika makasha 5,000 hivi. Makasha yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi Kigoma. Mafundi watatu walikuja nayo kuiunga upya, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Majina yao yameandikwa. Majina ya vibarua Waafrika walioshika nyundo pamoja nao hayakuandikwa, na jambo hilo mliweke akilini maana nitalirudia. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikaitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana aliyetawala wakati wa vita vya Majimaji.

Upande wa pili wa ziwa, upande wetu, Wabelgiji walikuwa wanatazama kwa hofu. Wajerumani walikuwa wameiharibu meli yao Alexandre Delcommune mwezi wa Agosti 1914, na tangu hapo ziwa lote lilikuwa la Mjerumani. Ndipo Waingereza walipofanya jambo ambalo wanafunzi wangu huliona kama hadithi ya sungura. Walichukua mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka London mpaka Cape Town kwa meli, wakazipandisha kwenye treni hadi Katanga, wakazivuta kwa ng'ombe na kwa mashine za mvuke kupita milima ya Mitumba, wakazipitisha mto Lualaba, halafu treni tena hadi Lukuga. Wabelgiji nao walikuwa wanapasua miamba kwa baruti pale Kalemie ili wazijengee kinga ya mawimbi. Ndivyo bandari ya Kalemie, iliyokuja kuitwa Albertville, ilivyopata mawe yake ya kwanza. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Mwezi wa Juni ndege za Wabelgiji zenye kutua majini zikapiga mabomu Kigoma.

Wajerumani walipoona Kigoma inaponyoka, hawakutaka meli yao kubwa iangukie mikononi mwa adui. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wenyewe, si mbali na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito, kila mahali. Yaani waliizamisha kama mtu anayezika mbegu. Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba hapo hapo Kigoma. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo bado ni mizima kwa sababu ya ile grisi. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya: Liemba. Jina hilo ni la ziwa lenyewe, kama Livingstone alivyolisikia kwa wenyeji wa kusini.

Wazee mnaotikisa kichwa nawaona. Najua wengi wenu mmepanda Liemba.

Mtu anaweza kuuliza: Kigoma inatuhusu nini sisi tulioko Muyinga, na wenzetu walioko Gitega? Inatuhusu kwa njia ya tumbo. Wabelgiji walipopewa Ruanda-Urundi baada ya vita, walikuta nchi ya milima isiyokuwa na mlango wa baharini. Wajerumani walikuwa wameijenga Gitega kama makao yao mwaka 1912, lakini kila kitu cha Gitega kilibidi kipande kutoka ziwani, kichwani mwa watu. Mwaka 1921 Wabelgiji na Waingereza wakafanya mkataba: Ubelgiji ipewe eneo lake katika bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, daima. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Faranga moja! Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kufungwa na ahadi ya milele ambayo wananchi wake hawakuulizwa. Mimi naona alikuwa na haki, ingawa naelewa pia kwa nini Burundi isiyo na bahari ilikuwa na wasiwasi.

Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwalazimisha wakulima wa Burundi kupanda kahawa. Mibuni mnayoiona ukitoka kambini kwenda sokoni, na ile ya vilima vya Gitega, babu zake ni hiyo. Gunia la kahawa ya Muyinga lilishuka hadi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, likapakiwa melini hadi Kigoma, likapanda treni hadi Dar es Salaam, likaenda Ulaya. Na chumvi, saruji, nguo na mafuta vilipanda kwa njia hiyo hiyo kurudi. Nchi za jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo, kuanzia Julai 1996 mpaka Januari 1999, watu wa hapa walijifunza bandari ni nini bila kitabu: sabuni ikapotea dukani, mafuta ya petroli yakawa ya magendo. Waulizeni majirani zetu wa vilima hivi, watawaeleza bei za wakati ule.

Siku hizi malori mengi hupita barabarani, yakiingia kwa mpaka wa Kobero, hapa hapa katika eneo lililokuwa mkoa wa Muyinga. Mwezi wa Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Uvinza hadi Musongati. Lakini Uvinza nako kuko kwenye reli ya Kigoma. Mzizi ni ule ule.

Sasa naingia mahali panapouma, na naomba wazee wanivumilie.

Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia kwa mitumbwi. Wengine walitua Kigoma, wengine wakatua kwetu, Uvira na Fizi. Baba zetu waliwapokea. Mwaka 1996 vita vikaingia kwetu, na safari hii ni sisi tuliovuka kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 1997 HCR iliikodi Liemba, ile meli ya vita, ikawarudisha Wakongo kutoka Kigoma hadi Uvira. Haukupita muda, Agosti 1998 vita vikarudi, na watu wakaondoka tena. Wengi wenu mlivuka kuja Burundi katika miaka iliyofuata. Sote tunajua yaliyotokea Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, watu zaidi ya 150 waliouawa, na sina haja ya kuyaeleza mbele ya waliokuwapo. Nawaambia vijana tu kwamba kambi za wakimbizi huwekwa mbali na mpaka kwa sababu kama hizo, na ndiyo maana ninyi mmekua bila ziwa.

Mwaka 2015 gurudumu likageuka. Makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania ufuoni, kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikawaingia. Kagunga hapakuwa na gati la meli kubwa. Watu walipelekwa kwa mashua ndogo mpaka Liemba iliyosimama mbali kidogo, wakapandishwa, wakapelekwa Kigoma, na kutoka hapo wengi wakafika Nyarugusu, wakapanga foleni ya maji na Wakongo. Meli ilikuwa na umri wa miaka 100 kamili tangu ishushwe majini. Na mwaka 2025 ni Wakongo tena, maelfu kwa maelfu, waliovuka mto Ruzizi kuingia Burundi. Wengine wenu mna ndugu kati yao.

Nimezitaja tarehe hizi kwa mfululizo kwa makusudi, ili Mrundi aliyekaa hapa kama mgeni wa heshima na Mkongo aliyekaa hapa kama mkimbizi waone kwamba gati ni lile lile. Limempokea huyu, limempokea yule, limemrudisha huyu, limemrudisha yule. Mtu akimwita mwenzake mkimbizi kwa dharau sokoni, ajue kwamba huenda babu yake mwenyewe aliorodheshwa Kigoma.

Wako wazazi waliokuja kuniambia, kwa upole kabisa: Mwalimu, waache watoto, ziwa kwetu ni kaburi, usiwafundishe. Nimewasikiliza. Mmoja alipoteza watu watatu majini. Tena hata katika amani ziwa linaua: Desemba 2014 meli Mutambala ilizama upande wa Kalemie na watu zaidi ya 100 wakafa, na sababu ilikuwa upepo pamoja na kupakia kupita kiasi. Siwezi kumwambia mzazi huyo kwamba uchungu wake si kitu. Lakini mtoto asiyefundishwa ziwa atalijua siku atakayolivuka, na siku hiyo si siku nzuri ya kujifunza. Mtoto ajue kwamba kusi huvuma toka Mei mpaka Septemba na mawimbi yake ni makubwa. Ajue kwamba mtumbwi wa watu kumi haubebi ishirini kwa sababu mwenye mtumbwi ni mjomba.

Na ajue habari za taa. Nilisema nitazirudia.

Ndagala hufuata mwanga. Zamani wavuvi waliwasha mioto ya kuni mbele ya mitumbwi. Kuanzia miaka ya 1950 zikaja taa za karabai zenye kupampiwa, na siku hizi ni taa za betri na za mwanga wa jua. Usiku wa giza ziwa huonekana kama mji uliolala. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hubaki nyumbani, maana mwanga wa mwezi huwatawanya ndagala na taa haina kazi. Kila mvuvi anajua hilo.

Wale waliokimbia walilijua kwa namna nyingine. Mama mmoja mzee wa kambi yetu alinieleza jinsi walivyotoka Ubwari kuelekea Rumonge. Wasafiri walibishana. Vijana walitaka kusubiri mbalamwezi ili waone njia. Mwenye mtumbwi akakataa. Akasema siku ya mbalamwezi ziwa ni tupu, na mtumbwi mmoja peke yake huonekana kutoka mlimani. Siku ya giza ziwa limejaa taa za wavuvi, na mtumbwi mmoja usio na taa hupita katikati yao, wala hakuna wa kuuhesabu. Tena taa zitawaambia hali ya hewa: zikianza kukimbilia ufuoni zote kwa pamoja, upepo unakuja, nasi tuzifuate, iwe ufuo ni wa nani. Walikwenda hivyo. Njiani taa mbili zikawasogelea, wakadhani wamekamatwa, kumbe ni wavuvi; wakawapa maji ya kunywa na kuwaonyesha mlima wa kuuelekea.

Mimi nilisoma habari za Fresnel na kioo chake chuoni Gitega, katika kitabu cha Kifaransa chenye jalada lililochanika, nikafaulu mtihani. Habari ya mama huyu haimo katika kitabu chochote. Yeye amekwisha kupita miaka 70. Mwaka jana tulimzika mzee aliyefanya kazi ya kupakia mizigo katika bandari ya Kalundu, aliyejua majina ya mashua zote za Uvira na nani alikuwa nahodha wa ipi. Nilipanga kwenda kumwuliza wakati wa likizo, lakini likizo ilifika yeye hayupo.

Ndiyo maana nilisema mliweke akilini jambo la wale vibarua wa Kigoma. Mafundi watatu kutoka Papenburg wanajulikana mpaka leo kwa sababu mtu mmoja aliandika. Waliobeba, waliopiga nyundo, waliopiga makasia, hao wamebaki kuwa "wenyeji". Na sisi katika karatasi za mashirika tumekuwa idadi: kaya kadhaa, watu kadhaa, magodoro kadhaa. Silaumu, bila idadi chakula hakigawiki. Lakini idadi haisemi mtu alivuka na nani, wala alitazama taa ipi.

Jambo moja zaidi kwa wale wanaoota kurudi. Ziwa mliloliacha limebadilika. Maji yalipanda sana mwaka 2020 na 2021, yakapanda tena mwaka 2024. Gatumba ilifurika, bandari ya Bujumbura iliingiliwa na maji, na Kalundu na Kalemie ziliumia vile vile. Nyumba zilizokuwa hatua mia kutoka ufuoni zimeoga miguu. Wazee watakumbuka kwamba ziwa lilipanda hivyo hata miaka ya 1960, mwanzoni mwa Uhuru, kisha likashuka. Kwa hiyo anayesema shamba lake liko "pale kwenye mwembe wa ufuoni" amwulize kwanza aliyetoka huko karibuni kama mwembe bado uko nchi kavu.

Kwa wageni wetu wa mashirika nina ombi dogo. Shule yetu ina ramani ya Afrika na ramani ya Burundi. Haina ramani ya ziwa. Tunaomba moja, kubwa, ya kutundika ukutani, yenye pande zote nne za ziwa na milima yake. Kama haipatikani, tupeni karatasi kubwa na rangi, tutaichora wenyewe. Wako wavuvi hapa wanaoweza kuichora wakiwa wamefumba macho.

Kwa wazazi ombi ni hili. Walimu tumetenga daftari la kurasa 200. Kwa kila mtu aliyevuka tutaandika mambo haya: uliondokea ufuo gani, kwa chombo gani, ilikuwa giza au mbalamwezi, uliona taa au hukuona, ulitua wapi, na nani aliyekupokea. Jina lako si lazima. Jina la aliyekufukuza pia si lazima. Hatuandiki kesi, na sitaki daftari hili limletee mtu matata. Jina la aliyekupa maji, kama unalikumbuka na kama mwenyewe hatadhurika, tutaliandika kwa herufi kubwa.

Daftari litakaa kwa katibu wa Kamati. Jumamosi hii, baada ya mgao wa chakula, chumba cha darasa la tano kitakuwa wazi kuanzia saa nane mchana. Asiyejua kuandika asijali, wanafunzi wa darasa la sita watamwandikia, na mimi nitasahihisha tahajia tu, maneno yatabaki ya msemaji. Anayesema Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge aseme hivyo hivyo, wakalimani wapo. Wenye baiskeli tunawaomba wawabebe wazee wa sehemu ya chini ya kambi, maana kilima ni kikali na mvua imeharibu ngazi.